Montepulciano d'Abruzzo ya Emidio Pepe: nunua leo, fungua baada ya miaka kumi

Ukisoma Montepulciano kwenye lebo, usiuchanganye mvinyo huu na ule wa mji wa Montepulciano kule Toscana. Hapa ni jina la zabibu: nyeusi, ya maganda mazito, huchelewa kuiva. Kwao ni Abruzzo, mashariki mwa Italia, na ndiko kijijini Torano Nuovo Emidio Pepe alikoanza kutia mvinyo chupani mwaka 1964. Shamba bado ni la familia. Binti zake na wajukuu ndio wanaoliendesha.

Linalimwa kwa biodainamiki, aina ya kilimo hai kinachotegemea matayarisho ya asili. Samadi ya ng'ombe hushindiliwa ndani ya pembe na kufukiwa majira yote ya baridi. Inapofukuliwa, gramu 100 hivi kwa hekta hukorogwa majini saa nzima, upande mmoja kisha wa pili, ndipo hunyunyizwa udongoni. Kwamba pembe ndiyo inayoleta ladha, hatuapi. Lakini mkulima wa namna hii hana budi kupita kwenye mizabibu yake kila mara, maana shaba na salfa anazoruhusiwa kupiga dhidi ya ukungu hukaa juu ya jani tu na mvua huziosha. Mwaka 2023 ukungu wa peronospora uliteketeza sehemu kubwa ya zabibu za Abruzzo. Bei ya chupa imebeba hatari hiyo.

Siri kubwa iko kwenye utengenezaji. Zabibu hupukuchuliwa kwa mkono juu ya wavu, kwa hiyo vikonyo havipondeki na ukali wake hauingii kwenye maji ya zabibu. Hamira ni ile ile iliyokuja na zabibu kutoka shambani. Mvinyo huchachukia na kutulia kwenye matangi madogo ya saruji yaliyopakwa kioo ndani; pipa la mbao halitumiki, basi usitafute harufu ya vanila. Hauchujwi wala hauongezwi salfaiti, yaani kihifadhi cha mvinyo. Baada ya hapo chupa hulazwa ghalani, nyingine kwa miongo kadhaa, na kabla ya kuuzwa zile kuukuu humiminwa kwa mkono kutoka chupa hadi chupa ili mashapo yabaki nyuma.

Ukiwa mchanga unakaba: tanini kali (ule ukakasi utokao kwenye maganda ya zabibu), asidi ya juu, na mara nyingi harufu ya zizi pamoja na vijipovu vya gesi. Wengi huurudisha dukani wakidhani umeharibika. Mimina kwenye jagi, usubiri saa mbili au tatu. Harufu ikipungua, mvinyo ni mzima. Ikibaki harufu ya siki, hapo una haki ya kulalamika. Kwa kuwa hauna salfaiti ya kuulinda, chupa mbili za mwaka mmoja zaweza kutofautiana, na hili ndilo dosari tunayoiona kubwa kwa bei yake. Ukifika miaka 15 au 20, cheri chungu hugeuka tunda lililokaushwa, ngozi na tumbaku, huku asidi ikiushika wima.

Uhifadhi ndio unaowaponza wanunuzi wa Dar es Salaam na Mombasa. Kabati la nyuzi 30 hupandisha kizibo na kuupika mvinyo kabla ya mwaka kwisha. Unataka nyuzi 12 hadi 14, giza, chupa imelala. Kama huna friji ya mvinyo, nunua chupa iliyokwisha zeeka ghalani kwao, uinywe upesi.

Siku moja kabla ya kufungua, isimamishe ili mashapo yashuke. Kizibo cha zamani hukatika kwa skrubu. Tumia kifungulio cha ndimi mbili, uzipenyeze kando ya kizibo, uzungushe huku ukivuta polepole. Chupa kuukuu isikae wazi saa nyingi, dakika 30 zinatosha. Weka nyuzi 16 hadi 18, yaani ipitie friji ya kawaida kidogo kwanza. Wenyeji wa Abruzzo wana arrosticini, mishikaki midogo ya kondoo yenye mafuta na chumvi tupu. Mishikaki ya mbuzi isiyo na pilipili hukaa vizuri mahali pake, kwani pilipili huzidisha ukali wa tanini.