Kadi tatu za grafiki kwa mkanda mmoja wa kupamba

Mimi napiga video za harusi hapa Amu (Lamu), upande wa wanawake. Siku ya kupamba mwanamume haingii, na mkanda wake pia hauoni. Kwa hivyo siwezi kubeba diski nikampelekea kijana wa studio anirendie, yaani aigeuze kazi yangu iwe video moja iliyokamilika, wala kupandisha nyuso za wake za watu kwenye intaneti. Mkanda unaingia nyumbani kwangu Mkomani ndani ya mkoba, unatoka ukiwa umekwisha. Hata kompyuta ikipelekwa kwa fundi, diski naitoa kwanza.

Nayaeleza haya kwa sababu kadi za grafiki, vile vifaa vya ndani ya kompyuta vinavyochakata picha, mara nyingi hupimwa kwa michezo ya kompyuta: bunduki ngapi, fremu ngapi kwa sekunde. Mimi sichezi. Nilichotaka kujua ni kama nitalala.

Kompyuta yenyewe ni ya ofisi, ilitumika Uingereza kabla ya kufika Mombasa. Prosesa, yaani ubongo wake, ni Core i5-4590, memori gigabaiti 16. Bila kadi, mkanda wa dakika 45 ulikuwa ukichukua saa mbili na ushei kurenda, na stima ikikatika dakika ya mwisho, bismillahi, anza upya. Kadi zote tatu nimezipima kwa mkanda huohuo: kamera mbili, picha za 1080, ukumbi wa giza wenye taa za rangi, chengachenga tele (vile vidotovidoto vya picha ya gizani), na chetezo cha udi miguuni pa bi harusi.

Ya kwanza ni GTX 1050 Ti, mtumba, shilingi 9,500. Ni kadi ya 2016, ina memori ya gigabaiti 4, na umeme wake wote, wati 75, huuvuta kwenye tundu la madabodi, bodi kuu ya kompyuta. Mwenye kompyuta ya ofisi atanielewa: pawasaplai yangu, boksi la kugawa umeme ndani ya kompyuta, ilikuwa ya wati 290 na haina hata waya mmoja wa ziada. Nilifungua boksi, nikachomeka, nikawasha, basi. Saa mbili zikawa dakika 41.

Nilifurahi mapema. Kurenda ni kazi mbili, na hili wauzaji hawakwambii. Kuna kuifunga video iwe faili, ambako hufanywa na kijisehemu maalumu ndani ya kadi, na kadi ndogo inaweza. Halafu kuna kuzipika picha zenyewe: kurekebisha rangi, kusafisha chengachenga. Hapo ndipo viini vya kadi, vijisehemu vyake vya kupiga hesabu, na memori yake hutoka jasho. Nilipowasha programu ya kusafisha, 1050 Ti ilichukua saa nne na dakika tano. Nikajaribu kipande cha 4K, picha kubwa mara nne ya 1080, ikaniambia memori imejaa, ikalala.

Ya pili ni Radeon RX 580 ya gigabaiti 8, shilingi 12,000. Hii imenisumbua roho. Karatasi zake zinasema wati 185 na inataka waya wake wa pini nane, kwa hivyo nikanunua pawasaplai ya wati 500. Waya za pawasaplai hiyo hazikuingia kwenye madabodi yangu, maana kompyuta hizi za ofisi zina soketi zao za peke yake, nikaagiza waya wa kubadilishia. Kadi ya elfu kumi na mbili ikanifikia karibu elfu kumi na tisa.

Kisha nikaikagua kwa GPU-Z, programu ya bure ya kuonyesha undani wa kadi, ambayo ningeijua mapema ningeifungua palepale dukani. RX 580 halisi ya 2017 ina viini 2,304. Yangu ilionyesha 2,048. Kumbe mwaka 2018 lilitoka toleo la soko la China, jina lilelile, viini pungufu, sawa na RX 570, kadi ya daraja la chini yake. Nikampigia aliyeniuzia. "Dada, zote ni 580 hizo." Ukiisikia feni yake unajua ilikotoka pia: Ethereum, sarafu ya kidijitali iliyokuwa ikizalishwa (wenyewe husema kuchimbwa) kwa kadi kama hizi usiku na mchana, ilipoacha kuchimbwa hivyo Septemba 2022, zilizochakaa kwa kazi hiyo zilimwagwa sokoni.

Haki yake kadi nitaipa. Kusafisha kulichukua saa mbili na nusu, na 4K ilipita bila kulalamika, gigabaiti nane si mchezo. Lakini ilikuwa kaskazi, chumba kimesimama bila upepo, kadi ikafika nyuzi 83, UPS, ile betri ya akiba, ikalia kila stima ilipoyumba, na tokeni za stima zikaisha kabla ya siku zake. Kilichonikata maini ni moshi. Moshi wa udi ni mtihani mkubwa kwa kifungaji cha video, kwa sababu kila fremu unabadilika umbo. Kwa ukubwa uleule wa faili, RX 580 iliukata moshi vipande vya mraba. Nyanya ya bi harusi, miaka yake themanini na kitu, alitazama akaniuliza: "Mwanangu, mbona moshi una vigae?"

Ya tatu, GTX 1660 Super, alininunulia mtoto wa ami yangu Mombasa kwa shilingi 20,000, baada ya kuniahidi ataifungulia GPU-Z mbele ya muuzaji. Ilikuja kwa basi mpaka Mokowe, gatini upande wa bara, nikaenda kuipokea mwenyewe, nikavuka nayo mapajani imefungwa nailoni tatu kama mtoto mchanga. Ni ya 2019, gigabaiti 6 za memori ya kasi zaidi, wati 125. Kusafisha: saa moja na dakika 55. Bila kusafisha: dakika 27, na hapo prosesa yangu ya zamani ndiyo inayoichelewesha, kadi yenyewe inapiga miayo. Joto nyuzi 70 kaskazi hiyohiyo. Na moshi ni moshi. Kikuba cha asumini unakiona ua kwa ua.

Kwa hivyo mwenye kazi kama yangu namwambia 1660 Super, hata ikibidi akope. Mwenye harusi moja kwa mwezi na pawasaplai ya ofisi, 1050 Ti itamsitiri. Asije tu akadhani kadi mpya ni bora daima: RX 6500 XT ya 2022 haina kabisa kile kijisehemu cha kufungia video, na GTX 1650 ya mwanzo ilipewa cha kizazi cha nyuma.

Kwetu kuna chumvi pia. Kila mwezi naichomoa kadi, naisugua miguu yake ya dhahabu kwa raba ya shule, taratibu, narudisha. Skrubu za boksi zishaota kutu.

1050 Ti nimempa mdogo wangu. RX 580 ningali nayo kabatini, ndani ya nailoni. Anayeitaka aje na elfu saba, na nitamwambia viini vyake ni vingapi kabla hajauliza.