Tahadhari: anayeuza "Sokoke halisi" hapa Nairobi ni tapeli

Wapenzi wa paka, kuna mtu anayeuza watoto wa paka mtandaoni akidai ni Sokoke halisi. Mimi amenila shilingi 28,000.

Paka huyu ni wetu. Asili yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, na Wagiriama humwita khadzonzo, kwa jinsi manyoya yake yanavyofanana na gome la mti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke mmoja, Jeni Slater, alichukua watoto wa paka hao akaanza kuwafuga, na baadaye wengine wakapelekwa Denmark. Kumpata hapa nyumbani akiwa na cheti cha nasaba si jambo la kawaida. Nilipoona tangazo nilifurahi mno, furaha ikanifumba macho.

Picha ilimwonyesha mtoto wa paka juu ya mto wa bluu, mwenye mabaka makubwa ya kahawia ubavuni. Nikatuma arbuni ya 10,000 kwa M-Pesa. Tulikutana stejini giza likiingia, saa aliyoichagua yeye, akanikabidhi boksi na cheti, nikamalizia deni. Nyumbani, chini ya taa, nikaona mistari myembamba kama ya paka yeyote wa mtaani. Nikampigia muuzaji, akaniambia: "Usijali dada, mabaka yatatokea akikua."

Mabaka hayatokei baadaye. Paka huzaliwa na mchoro wake, na mistari haigeuki mabaka. Sokoke ana mabaka mapana yanayoonekana kama yamepauka katikati, manyoya mafupi yaliyolala mwilini, na miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, hata akitembea utadhani ananyata kwa ncha za vidole.

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Alimkadiria wiki sita tu. Viroboto tele, tumbo limefura kwa minyoo. Kadi ya chanjo niliyopewa naye ilisema ameshachanjwa kichaa cha mbwa, chanjo ambayo kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki 12 hivi, umri ambao mfugaji mwaminifu ndipo humtoa mtoto kwa mama yake. Hapo ndipo nililia. Pesa nitatafuta nyingine, lakini kiumbe huyu alinyang'anywa ziwa la mama ili mtu apate za haraka.

Ukitaka paka wa nasaba, nenda mchana mahali anapolelewa, umwone na mama yake. Anayekataa usiende, anayetaka mkutane stejini achana naye. Daktari aliyegonga muhuri kwenye kadi mpigie wewe mwenyewe kabla ya kulipa.

Nilipodai pesa zangu alinizuia WhatsApp. Nimepiga ripoti polisi, nina nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na aliyetapeliwa vivyo hivyo aniandikie inboksi tuunganishe malalamiko. Mtoto yuko kwangu, ameanza kula vizuri.

Jana usiku picha ile ile ya mto wa bluu imerudi chini ya jina jingine: "Wamebaki wawili." Ukiiona, usitume hata shilingi.