Kizimba cha kukunja cha vifaranga: kilango cha chini ndicho nilichokilipia

Nianze na sifa yake kubwa, maana kwenye tangazo la muuzaji imetajwa mwisho kabisa, baada hata ya rangi. Kizimba hiki kina kilango cha chini kinachompitisha kifaranga na kumzuia kuku mkubwa. Ni bamba la chuma linaloteleza kwenye reli, unalikaza kwa skrubu ya kuzungusha kwa vidole, kwa hiyo upana wa tundu unauchagua mwenyewe, kuanzia kama sentimita 6 hadi 13. Fremu, kifuniko cha juu na vigingi vya kuchomeka ardhini utavipata kwenye kizimba chochote, na fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kukuundia vyote hivyo. Nimenunua kilango, hayo mengine yamekuja nacho.

Kundi la kuku lina wakubwa na wadogo wake. Nani anakula kwanza, nani anapisha, nani analala kichanja cha juu, yote yameshaamuliwa kwa midomo. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe aliuandika mpangilio huo mwaka 1921, ila kuku wangu mmoja kishingo, yaani asiye na manyoya shingoni, anaueleza vizuri zaidi. Kwa binadamu ni mpole. Akiona kichwa kigeni kwenye eneo lake anakifuata mbio na kukidonoa utosini, na kifaranga aliyetoka juzi kwenye bruda, yaani chumba chenye taa ya joto cha kulelea vifaranga, hastahimili midonoo ya namna hiyo. Damu ikishaonekana ndiyo balaa zaidi, kwa sababu hata wale wapole nao huifuata.

Ndiyo maana sikukiweka kizimba pembeni. Nilikiweka katikati ya uwanja wao, karibu na wanapooga vumbi. Mwanzoni wakubwa walikizunguka shingo ndefu, kishingo akajaribu kupenyeza mdomo kwenye waya, akachoka. Wiki moja hadi mbili za kuonana bila kugusana ndizo zinazoshauriwa, na mimi siangalii kalenda sana. Ninachongoja ni wakubwa waache kuwatazama. Wakianza kujigaragaza vumbini kando ya waya huku vifaranga wamelala upande wa pili, nafungua kilango.

Hapo ndipo utaona thamani ya lile bamba. Vifaranga hutoka wenyewe, mmoja mmoja, wenye ujasiri kwanza. Mkubwa akiwatimua hukimbilia ndani, naye hubaki nje akijifanya ana shughuli na majani. Hakuna anayekwama kwenye kona. Watu wengi hupenda kuwachanganya usiku, kuwapachika wageni kwenye kichanja wakati wenyeji wamelala, wakitumaini asubuhi hakuna atakayekumbuka. Kwa kuku waliolingana ukubwa huenda ikafaa. Kwa vifaranga sipendi, kwa kuwa kukicha wote wamo kwenye banda lililofungwa na mnyonge hana pa kukimbilia.

Kilango kinasaidia na upande wa chakula, ingawa si kwa kiasi kinachodaiwa. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4 hivi, wakati anayekua anahitaji kama asilimia 1 tu, na ile ya ziada humharibu figo. Muuzaji anasema weka chakula cha wadogo ndani na cha wakubwa nje, basi. Lakini kifaranga akishatoka, nani atamkataza kula cha nje? Mimi huwapa wote chakula cha kukuzia, ndani na nje, halafu wanaotaga nawawekea maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa kwenye bakuli la peke yake. Anayehitaji atayadonoa. Vyombo vya chakula na maji huvitawanya sehemu kadhaa, kwa sababu kishingo hawezi kulinda kila mahali kwa wakati mmoja.

Sasa lawama. Karatasi ya maelekezo inasema vifaranga waingie humu "kuanzia wiki ya tatu", bila neno lingine. Hapo sikubaliani nao. Kifaranga huanza maisha kwenye joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, ukipunguza kama nyuzi 3 kila wiki, na manyoya kamili huyapata kwenye wiki ya 5 au ya 6. Kabla ya hapo ana malaika tu, yaani manyoya laini ya utotoni, nayo hayazuii mvua wala upepo. Wiki ya tatu mtoe saa chache za jua, ardhi ikiwa kavu, kisha umrudishe kwenye taa. Kuhamia nje moja kwa moja kungoje manyoya. Na jua nalo lina adhabu yake: turubai linalokuja na kizimba hufunika nusu tu, kivuli kinasogea, na alasiri ile nusu yenye kivuli inaweza kuwa nje ya waya. Mimi nimeongeza gunia.

Waya ni wa mraba, kila upande sentimita 2.5. Kuku mkubwa haingii. Nyoka mwembamba anaingia, panya mchanga anaingia, na paka anaweza kupitisha mkono na kumvuta aliyelala ukutani. Kwa bei ileile wangeweza kuzungusha waya wa matundu ya milimita 13 sehemu ya chini. Nimeufunga mwenyewe kwa waya mwembamba wa kufungia, mpaka urefu wa goti. Chini hakuna sakafu kabisa, hivyo mnyama anayechimba hana kizuizi. Kwa mwewe mchana kifuniko kinatosha. Usiku vifaranga wanarudi kwenye banda lenye kuta na komeo, na sioni sababu ya kubishana juu ya hilo, hata picha ya tangazo ikionyesha mbalamwezi.

Kukosa sakafu kuna faida moja, nayo ni kubwa: kizimba kinahama. Ugonjwa wa kuhara damu, koksidiosisi, huletwa na vijidudu vinavyotoka na kinyesi na kukomaa kwenye unyevu na joto, na vifaranga wa wiki chache ndio wanaoumia zaidi. Kukaa sehemu moja yenye matope karibu na chombo cha maji ni kuwakaribisha. Nakihamisha mara kwa mara, hata kabla ardhi haijaanza kunuka. Ila urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 ni mzigo wa watu wawili, na ukikiinua ukiwa peke yako upande mmoja huburuta na kifaranga anaweza kubanwa mguu. Magurudumu mawili yangemaliza tatizo. Kukikunja, kwa kweli, ni rahisi kama wanavyosema.

Jambo moja ambalo tangazo linapotosha kabisa ni maneno "kinga salama". Waya haukingi ugonjwa. Kuku mkubwa anayeonekana mzima anaweza kubeba vimelea, na vumbi la manyoya yake hupita tundu lolote. Chanjo ya Marek, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, hutolewa kifaranga akiwa wa siku moja, kwa hiyo uliza unaponunua vifaranga. Za magonjwa mengine, yaani kideri, Gumboro na ndui, zifuate ratiba ya daktari wa mifugo wa kwako, kabla hujakunjua kizimba.

Kimo ni sentimita 60. Kinatosha mpaka vifaranga wafike theluthi mbili ya ukubwa wa wenzao, na kufikia hapo kilango kimeshakuwa kidogo kwao na hawakihitaji tena. Usumbufu uliobaki ni jogoo. Amekifanya kifuniko jukwaa la kuwikia, na kinyesi chake kinadondokea kwenye maji. Hamisha chombo cha maji chini ya turubai, ndilo suluhisho lililofanya kazi kwangu.

Nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na tatu kati ya hizo ni za bamba. Ukiagiza, omba skrubu ya akiba. Iliyokuja nacho ni ndogo kama punje ya hindi, na kuku huidonoa kabla hujainama kuiokota.