Altaneta ipi ununue gari likiacha kuchaji

Taa nyekundu ya betri ikiwaka kwenye dashibodi gari likiwa barabarani, hukumu hutoka haraka: altaneta (mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme na kuchaji betri) imekufa, tafuta nyingine. Mara nyingi sana hukumu hiyo si ya haki. Altaneta nzima hung'olewa na kubadilishwa, kumbe tatizo lilikuwa mkanda uliolegea au terminali yenye kutu. Kwa hiyo kabla ya kupanga ipi inunuliwe, tupime kwanza.

Mita ya umeme ya bei ya chini kabisa inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima ya volti 12 husoma karibu 12.6. Washa injini upime tena palepale kwenye betri. Isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na inazidi kushuka kila unapowasha taa na feni, gari halichaji. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti volti cha altaneta) imeshindwa kuzuia umeme, na hali hiyo isisubiri kesho, kwa sababu betri itachemka, maji yake yatakauka, na vifaa vya elektroniki vinaweza kuungua. Angalizo kwa wenye magari ya miaka ya karibuni: mengi yanaongozwa na kompyuta ya injini, na chaji inaweza kushushwa makusudi betri ikijaa. Washa taa kubwa na kiyoyozi kabla hujasema mbovu.

Baada ya hapo peleka waya mwekundu wa mita kwenye nati nene iliyo nyuma ya altaneta, injini ikiunguruma na taa zikiwaka. Pale ukisoma 14.3 na kwenye betri 13.2, altaneta inafanya kazi yake, umeme unapotea njiani. Fuata waya, fyuzi kuu na waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi. Kwenye magari mengi ya zamani angalia pia taa yenyewe ya betri. Umeme wa kuiamsha altaneta hupita kwenye glopu ile, kwa hiyo glopu ikiungua altaneta inaweza kukaa kimya ikiwa nzima kabisa. Ukifungua swichi bila kupiga stata, taa hiyo lazima iwake.

Umepima yote na kidole bado kinaielekea altaneta? Haya, mpangilio wangu ni huu, kuanzia pale pesa inapofanya kazi zaidi.

Nafasi ya kwanza: karabati hiyohiyo uliyonayo

Najua hili linaonekana kama kukwepa swali la ununuzi, lakini hapa nawe unanunua, ila unanunua vipuri vidogo. Ndani ya altaneta kuna rota inayozungushwa na mkanda, kwa kawaida mara 2 hadi 3 ya mzunguko wa injini. Karboni mbili ndogo husugua ringi mbili za shaba kwenye shafti na kuipa rota umeme kidogo, nayo inakuwa sumaku. Koili za shaba zilizoizunguka ndizo zinazozalisha umeme wenyewe, dayodi huugeuza kuwa wa aina ambayo betri inaukubali, na regyuleta huamua sumaku iwe na nguvu kiasi gani.

Katika vyote hivyo, vinavyosuguana na kuisha ni karboni, ringi na beringi. Vingine huungua, haviishi. Ikifunguliwa, simama karibu na fundi uangalie. Karboni zikibaki chini ya milimita 5 nje ya kishikio chake, zimefika mwisho. Pitisha ukucha juu ya ringi za shaba: zikiwa laini, karboni mpya zitakaa vizuri, zikiwa na mfereji unaokamata ukucha, ringi nazo zibadilishwe, la sivyo karboni mpya zitatafunwa upesi. Zungusha beringi kwa mkono usikilize, maana ikikwaruza kama ina mchanga haifai kurudishwa. Mwisho nusa koili. Shaba yenye rangi ya asali na isiyo na harufu ni nzima, iliyokuwa nyeusi na inayonuka vanishi iliyoungua ndiyo mwisho wa mjadala, nenda nafasi ya pili.

Mwili wa altaneta iliyokuja na gari ni wa kuthaminiwa. Ukiwekewa karboni, beringi na regyuleta za ubora, unaweza kukutumikia miaka mingi. Sharti ni moja tu, vipuri visiwe vya ovyo. Beringi ya hapa inazunguka kwa kasi kubwa kwenye joto la injini, na beringi dhaifu itaanza kulia mapema.

Nafasi ya pili: mpya kutoka kwa aliyeitengeneza ya kwanza

Kampuni za magari kwa kawaida huagiza altaneta kutoka kwa watengenezaji kama Denso, Valeo na Mitsubishi Electric, na zamani Bosch. Soma kibandiko cha ile ya zamani, jina na namba vipo pale. Kama mtengenezaji huyohuyo anaiuza kwenye boksi lake mwenyewe, chukua hiyo. Ile ya boksi la kampuni ya gari ni nzuri vilevile, lakini sioni sababu ya kuongeza pesa kwa ajili ya nembo. Ukipanga kukaa na gari kwa miaka, na koili za zamani zimeungua, hapa ndipo pa kuweka akiba yako.

Nafasi ya tatu: iliyotumika, lakini halisi

Hii naiweka juu ya mpya zisizo na jina, na silainishi kauli. Iliyotolewa kwenye gari la aina yako bado ina shaba na dayodi za kiwandani. Zungusha puli (gurudumu la mkanda) kwa mkono: iende bila kukwama na bila kuyumba pembeni. Tazama kama kuna mafuta ya injini yaliyoingia au kutu ya maji ndani. Dai ipimwe kwenye mashine mbele yako ikiwa imebebeshwa mzigo, kwa sababu altaneta isiyo na mzigo inaweza kusoma volti 14 na bado ikawa dhaifu. Hata ikifaulu, badilisha karboni na beringi kabla ya kuifunga.

Zilizofufuliwa kiwandani zinaweza kushika nafasi ya pili au kushuka hadi hapa, ikitegemea nani kazifufua. Mwenye jina na dhamana ya maandishi, mpe nafasi. Iliyopakwa rangi ya fedha tu ikang'aa, iache.

Nafasi ya mwisho: mpya isiyo na jina

Plastiki yake bado inanukia, bei inavutia, na ndani mara nyingi shaba ni nyembamba na dayodi ni ndogo. Ichukue pale tu gari limekwama na hakuna njia nyingine.

Chochote utakachochagua, linganisha na ya zamani kitu kwa kitu: volti (12 au 24), idadi ya pini kwenye plagi, mifereji ya puli, na masikio ya kufungia boliti. Baadhi ya puli zina klachi ya ndani inayoiachia rota ijizungukie injini inapopunguza kasi. Ukiweka puli ya kawaida badala yake, mkanda na kikaza mkanda vitateseka.

Ampea, yaani wingi wa umeme inaoweza kutoa, zisiwe chini ya zile za kiwandani. Kuzidi kidogo hakuna ubaya, maana altaneta hutoa kile kinachohitajika. Kumbuka tu kwamba namba ya kwenye kibandiko ni ya kasi kubwa. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), inayotoka ni pungufu sana. Taa mbili za halojeni za wati 55 peke yake zinakula karibu ampea 9. Ongeza feni ya rejeta, kiyoyozi na muziki mzito, utaelewa kwa nini betri hulegea kwenye foleni.

Siku ya kufunga, ondoa waya hasi wa betri kwanza. Mkanda wenye nyufa ubadilishwe sambamba, na uvujaji wowote wa mafuta juu ya altaneta uzibwe. Betri iliyokauka chaji kabisa ichajiwe kwa chaja kabla, kwa sababu kuiachia altaneta mpya kazi hiyo ni kuipasha moto kupita kiasi. Na injini ikiwa inawaka, mtu yeyote asichomoe terminali ya betri eti anajaribu kama inachaji: umeme hupanda ghafla na unaweza kuziua dayodi, regyuleta na kompyuta kwa mpigo mmoja. Mita uliyoanza nayo inakupa jibu hilohilo bila kuharibu chochote.