TAHADHARI: Unauza nyumba huku unahama mkoa? Mwogope mnunuzi anayeanza kwa kuuliza unasafiri lini

Habari za wakati huu ndugu zangu. Naandika nikiwa Bukoba. Nyumba yangu iko Chanika, Dar es Salaam, na ndani yake wanaishi watu ambao mimi sikuwapangisha.

Kuna wanaume wawili wanazunguka Chanika, Majohe na Pugu. Mmoja anajitambulisha kama dalali. Mwingine anakuja siku chache baadaye kama mnunuzi, na mbele yako wanajifanya ndiyo kwanza wanakutana. Majina siyataji kwa sababu jambo liko polisi na sitaki kuliharibu, ila mbinu yao naieleza yote. Wanawatafuta watu wanaohama: mtumishi aliyepata uhamisho, mjane anayerudi kwao, kijana anayekwenda nje kikazi. Hasa mtu anayeishi peke yake. Kama leo kuna mtu amekuambia "wewe saini tu, safiri, mengine niachie mimi", nakuomba usishike kalamu kabla hujamaliza kusoma hapa.

Mimi ni muuguzi. Mama yangu alipata kiharusi, nikaomba uhamisho nikamuuguze, na ulipokubaliwa nikapewa wiki 3 niwe nimeripoti. Kiwanja nilinunua mwaka 2012, nikajenga kwa mikopo ya VICOBA, leo tofali, mwakani bati. Nilihamia 2017 kuta hazina plasta. Vyumba vitatu, fensi, hati miliki yenye jina langu. Nilitaka milioni 58.

Sikujua wiki 3 za kuuza nyumba ukiwa peke yako zinavyomaliza mtu. Natoka zamu ya usiku, nafika nyumbani saa mbili asubuhi, nakuta watu getini na dalali ambaye sijawahi kumwona. Anaingia hadi chumbani, anafungua kabati, anauliza kama bei inapungua. Huna wa kukaa naye ndani wewe ukapumzike, huna wa kukunong'oneza "huyu simwelewi". Siku moja rafiki alinitumia tangazo lenye picha ya sebule yangu, kochi langu likionekana, bei milioni 75. Kumbe kila dalali alikuwa ameweka cha juu chake. Wanunuzi wa kweli walikuwa wanaona bei hiyo na kupita, na mimi nasubiri simu zisizokuja.

Halafu wapo wanaojua shida yako na kuitumia. Mmoja alitaja milioni 40, nikakataa, akaniambia waziwazi: "Dada, siku ya basi ikifika utanipigia mwenyewe." Alijuaje? Nilikuwa nimeandika kwenye tangazo langu: "Nauza haraka, mwenye nyumba anahama mkoa." Maneno hayo usiyaandike kamwe. Nilidhani nawaonyesha watu kwamba sina longolongo, kumbe nimewaambia siku gani nitakuwa dhaifu na siku gani sitakuwepo.

Huyo wa pili, "mnunuzi", alikuja zikiwa zimebaki siku 6. Mtu mzima wa makamo, msafi, anaongea taratibu. Aliniita dada tangu mlangoni, akanipa pole ya mama kana kwamba anamjua. Hakubishana sana: alisema milioni 56, nikakubali. Nilifurahi mno. Lakini sasa kila nikikumbuka ile siku naona alichouliza na ambacho hakuuliza. Swali lake la kwanza, hata kabla ya kukaa: "Unasafiri lini?" La pili: "Huku unamwacha nani?" Alitaka kujua kama nina ndugu Dar, kama kuna mtu atakuwa anapita kuangalia nyumba.

Mnunuzi wa kweli hafanyi hivyo. Anafungua bomba aone kama maji yanatoka. Anagonga ukuta, anaangalia dari kama lina alama za kuvuja. Anawauliza majirani kama masika maji yanaingia mtaani. Anataka kuonyeshwa mawe ya mpaka. Wakili wake anauliza kama una mume au mke, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya familia haijauzwa. Huyu aliniuliza kama naishi peke yangu, akaridhika, akaacha hapo.

Siku moja kabla ya safari tulikwenda benki mchana, akaniwekea milioni 6. Hizo ziliingia kweli, niliziona kwenye akaunti. Na ndizo zilizonifumba macho. Milioni 50 zilizobaki alisema benki yake imeshampitishia mkopo, zitaingia ndani ya siku 60, jioni atakuja na mkataba kutoka kwa wakili.

Jioni ile umeme ulikuwa umeisha. Sikununua mwingine, nilijiambia wa nini na kesho naondoka. Godoro lilikuwa limeshafungwa kamba limesimamishwa ukutani, vyombo vyote vimo kwenye maboksi. Alikuja saa mbili usiku. Tulisaini juu ya boksi la sahani, yeye akinimulikia kwa tochi ya simu yake. Tochi aliishika mwenyewe, na mwanga alikuwa anauelekeza chini ya kila ukurasa, pale penye mstari wa sahihi. Ukurasa wa kwanza niliusoma kwa shida, ulikuwa mkataba wa mauziano na kiasi tulichokubaliana. Kurasa nyingine zilikuwa za Kiingereza cha kisheria, maandishi madogo. Nilikuwa sijalala siku mbili. Alisema, "Hizo ni nakala tu dada, tatu tatu." Nikasaini zote. Nikampa funguo aanze kupaka rangi, nikampa na hati halisi, eti benki lazima waione kabla ya kutoa mkopo.

Kati ya "nakala" hizo kulikuwa na hati ya kumpa yeye mamlaka ya kupangisha, kupokea kodi, kuuza na kusaini kwa niaba yangu. Imegongwa muhuri wa wakili ambaye mimi sijawahi kukaa naye chumba kimoja.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa stendi ya Magufuli kule Mbezi. Mbele yangu karibu kilomita 1,400.

Siku 60 zikapita. Kwanza mthamini wa benki alikuwa safarini, kisha mfumo wa benki ulikuwa unabadilishwa, kisha akasema nitume milioni 5.6 kwenye simu yake "za TRA, ile asilimia 10", bila hiyo benki haiwezi kuendelea. Hapo ndipo nilipomuuliza mhasibu wetu kazini. Aliniambia kwa mtu mwenye kumbukumbu za gharama zake, kodi hiyo ya kuuza nyumba ni asilimia 10 ya faida uliyopata, siyo ya bei nzima, na serikali hailipwi kwenye simu ya mtu. Unapewa kontrol namba unalipa mwenyewe. Sikutuma. Lakini bado nilijipa moyo kwamba huenda hajui taratibu. Mtu ukishampa funguo, moyo unakataa kukubali haraka.

Kilichonifumbua macho ni LUKU. Mwezi wa tano tangu nihame, yule mnunuzi aliniambia nyumba iko tupu, hata rangi hajaanza, na giza linaleta vibaka. Nikaona basi ninunue umeme kidogo, jirani awashe taa ya nje. Namba ya mita nilikuwa nayo kwenye simu. Nikanunua wa 10,000. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa humo humo kwenye LUKU kila mwezi, na usiponunua umeme miezi kadhaa, siku ukinunua inakatwa yote kwa mpigo. Kwa hiyo nilitegemea nipate uniti chache. Ujumbe ulipokuja, uniti zilikuwa zimetimia, hakuna hata shilingi ya kodi ya jengo iliyokatwa. Niliusoma ule ujumbe mara tatu nikiwa nimesimama wodini. Maana yake ni moja tu: kuna mtu ananunua umeme wa mita ile kila mwezi, na wa mwezi ule alikuwa ameshanunua.

Nikampigia jirani. Akashangaa: "Mama, si umepangisha? Watu wapo tangu wiki ya pili ulipoondoka."

Niliomba ruhusa nikashuka Dar. Aliyenifungulia geti langu ni dada mdogo, ana mtoto mgongoni. Akaniamkia, "Shikamoo mama, karibu." Nikamwambia mimi ndiye mwenye nyumba. Alinyamaza kwanza, kisha akaingia ndani akaleta mkataba wake. Kodi ya miezi 6 walilipa kwa mkupuo, na mume wake alikuwa ameongeza milioni 4 za malipo ya awali, kwa sababu waliambiwa nyumba inauzwa na mwenyewe yuko mbali. Kwa hiyo yule mtu ameweka milioni 6 akapata kodi, akapata malipo ya awali ya wengine, na hati yangu anayo. Yule dada alilia kuliko mimi. Sikuweza kumtoa nje, na siwezi kumlaumu kwa lolote.

Polisi nilipewa RB, yaani namba ya taarifa yangu kwenye kitabu chao. Nikaenda kuangalia jina la wakili kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, unaoonyesha mawakili na kama wanaruhusiwa kufanya kazi. Jina lile halimo. Jambo hilo lingenichukua dakika 2 kabla ya kusaini. Nikatafuta wakili wangu mwenyewe, akaandika barua ya kuyafuta yale mamlaka, na tukaweka zuio kwa Msajili wa Hati ili mtu asije akahamisha umiliki au kuikopea nyumba kwa jina langu. Kama umeshapatwa, anzia kwenye zuio siku hiyo hiyo, usisubiri polisi wampate mtu kwanza. Mwenyekiti wa mtaa alinisaidia sana, alituita sisi na wale wapangaji tukaandikishana: wamalizie miezi waliyolipa, baada ya hapo kodi inakuja kwangu. Shauri la hati na fedha zao linaendelea.

Sasa kwa wewe ambaye mabegi yako yameshafungwa. Usisaini chochote siku ya mwisho. Kama muda haukutoshi, acha nyumba ipangishwe kwa kodi ndogo na mtu unayemfahamu, utarudi likizo uiuze ukiwa na akili zako. Mimi niliona kupangisha ni mzigo, na leo ndiyo ningekimbilia. Hati halisi isitoke mkononi mwako kabla fedha hazijatimia. Ikibidi ikae kwa mtu wa tatu, iwe kwa wakili uliyemtafuta wewe, siyo aliyeletwa na mnunuzi wala dalali. Picha ya muamala, meseji ya benki, karatasi yenye muhuri, vyote hivyo si fedha. Nenda dirishani kwenye tawi la benki yako, uliza salio lako.

Kama ni lazima mtu akuwakilishe, awe ndugu yako au mtu wa upande wako, kamwe asiwe mnunuzi. Hati yenyewe iseme wazi mipaka: kuonyesha nyumba, basi, au kusaini mauzo ya bei fulani kwa fedha kuingia akaunti fulani. Soma kila ukurasa mchana, na kama Kiingereza chake kinakushinda, dai kiandikwe Kiswahili. Waage mwenyekiti wa mtaa na majirani wawili, waachie namba yako, waambie nyumba iko kwenye hali gani. Mimi niliondoka kimya kwa sababu niliona aibu watu wajue nauza, na ukimya huo ulimfaa yule mtu peke yake.

Na wewe unayenunua: ukiambiwa mwenye nyumba yuko mbali na aliyesimama mbele yako ana karatasi ya kumwakilisha, omba kuongea na mwenye nyumba kwa video, muulize jirani wa kulia ni nani. Fika kwa mwenyekiti, kisha fanya uhakiki wa hati ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata laki moja. Yule kaka aliyetoa milioni 4 angenipata kirahisi sana. Namba yangu jirani alikuwa nayo.

Kabla sijapanda basi kurudi huku nilimlipa fundi aandike kwenye fensi kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Jirani alinitumia picha juzi, maandishi bado yapo. Akaniambia pia kwamba wiki iliyopita kuna watu wawili wamekuja na gari, wakasoma, wakageuza. Kama na wewe uliwahi kufanyiwa hivi maeneo hayo, au ulionyeshwa nyumba ya Chanika yenye geti la bluu na mwembe mmoja mbele, nenda ukatoe maelezo kituoni, kisha niandikie nikupe namba ya RB yangu. Mpelelezi ameniambia tukiwa walalamikaji zaidi ya mmoja kazi yake itakuwa nyepesi.