Kasha la kadi za chemsha bongo: uzoefu wangu barazani Mombasa

Nimelitumia kasha hili la kadi za chemsha bongo kwa muda wa kutosha kulitolea hukumu, na hukumu yangu ni kwamba linawafaa marafiki wanaopenda kujadiliana, lakini halimfai mtu anayetaka kufunua kadi, kusoma jibu na kuendelea na nyingine. Maswali yake mengi yametungwa kwa ustadi. Majibu ndiyo yaliyopunjwa: mengi ni neno moja au mwaka mmoja, hata pale ambapo jambo lenyewe lilistahili angalau sentensi mbili za maelezo. Mimi huona kwamba raha ya maswali ya historia iko katika kujua jambo lilitokeaje na likaishia wapi, na ndiyo maana kasoro hiyo nimeipa uzito kuliko nyingine zote nitakazozitaja.

Nililinunua katika duka la vitabu mjini kwa shilingi 2,000 na ushee. Ndani mna kadi za karatasi ngumu zenye maswali ya jiografia, historia, sayansi, michezo na fasihi, yote kwa Kiswahili sanifu kilichohaririwa vizuri. Swali liko mbele na jibu liko nyuma, kwa hiyo msomaji hulazimika kuiziba kadi kwa kiganja ili aliyeketi mkabala naye asilione jibu. Hewa ya bahari nayo haikuzihurumia: msimu wa masika kadi zilianza kujikunja pembeni na kugandamana, na sasa tunazihifadhi katika kopo la biskuti lenye kifuniko cha kubana. Mnunuzi wa bara huenda asilione tatizo hili, lakini wa pwani atafute kopo mapema.

Sisi hukutana barazani, Mji wa Kale, baada ya swala ya isha, kwa kahawa na kaimati. Katika kundi letu kuna mwalimu wa sekondari, dereva wa tuktuk, muuguzi, na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandari ambaye sote tunamwita Ami. Maelekezo ya kasha yanataka wachezaji wagawanyike makundi mawili na wajibu kabla mchanga haujamalizika katika kipima muda. Kipima muda tulikiweka kando mapema, kwa kuwa kilikuwa kikiwakatiza watu kauli pale hasa mazungumzo yalipoanza kunoga, tukarejea utaratibu tuliolelewa nao wa vitendawili: walioshindwa hutoa mji.

Mwalimu alisoma kadi ya michezo: "Ni Mkenya yupi aliyekuwa wa kwanza kushinda medali ya dhahabu ya Olimpiki?" Karibu wote tulijibu kwa pamoja kwamba ni Kipchoge Keino.

"Siye. Nipeni mji."

"Tumekupa Malindi."

"Malindi nimekwenda, nimekaribishwa samaki wa kupaka, nimekula nikashiba, na wenyeji wameniambia kwamba ni Naftali Temu, mbio za mita 10,000, Mexico City, mwaka 1968."

Hilo ni swali lililotungwa na mtu aliyejua mahali tutakapojikwaa. Keino alishinda dhahabu ya mita 1,500 katika michezo hiyohiyo, siku chache tu baada ya Temu, na jina lake ndilo lililobaki vinywani mwa watu. Isitoshe, swali hilo lilifungua jingine ambalo halimo kwenye kasha, kwani muuguzi aliuliza ni nani basi aliyeiletea Kenya medali ya kwanza ya rangi yoyote, tukafika kwa Wilson Kiprugut na shaba yake ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964. Kadi za michezo na za jiografia zina maswali mengi ya namna hii, na kwa upande huo sina lalamiko.

Kadi za historia ndizo zilizonipa furaha kubwa na pia masikitiko makubwa. Mojawapo inauliza vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa wapi, na nyuma yake pameandikwa "Zanzibar, 1896". Jibu ni sahihi, lakini limemwacha msomaji mlangoni. Ami aliichukua ile kadi, akaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta ukurasa wa pili, kisha akatueleza yaliyobaki: kwamba Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, kwamba Khalid bin Barghash akajitangaza mrithi na kuingia katika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza, na kwamba asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zililipiga jumba hilo kwa mizinga hadi likasalimu amri kabla saa moja haijatimia. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na Waingereza hawakumtia mkononi hadi mwaka 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena.

"Na wajua alifia wapi, mwanangu?" Ami alimuuliza dereva wa tuktuk.

"Sijui, Ami."

"Hapa hapa Mombasa, mwaka 1927."

Baraza lilinyamaza, kisha likaanza kuzungumza kwa mkupuo. Kwa watu wa mji huu, sehemu hiyo ya habari ndiyo inayokigusa kile kisa na kukileta nyumbani, na ingeweza kuchapishwa kwa mstari mmoja tu nyuma ya kadi.

Kadi nyingine ina kasoro nzito zaidi, kwa sababu inatoa kwa uhakika jibu ambalo halina uhakika huo. Inauliza ni nani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498, na jibu lililochapishwa ni Ahmad ibn Majid. Simulizi hiyo ni ya zamani na wengi wetu tumekua nayo, lakini wanahistoria wengi wa leo hawaikubali. Vyanzo vya Kireno vinamtaja rubani huyo kuwa Mgujarati, ilhali Ibn Majid, baharia na mwandishi mashuhuri wa elimu ya bahari, alikuwa mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, na wakati huo alikuwa mzee sana. Swali hili tulilijadili hadi kahawa ikapoa. Mwalimu alishikilia kwamba jibu la kadi lihesabiwe kwa kuwa ndilo lililoandikwa, nami nikashikilia kwamba kadi ya historia inayonyamazia ubishi wa wanahistoria inamnyima mchezaji sehemu tamu kuliko zote. Bado ninashikilia hivyo.

Kuna pia tatizo la idadi, ambalo ni dogo na lingetibika kwa urahisi. "Afrika ina nchi ngapi?" inauliza kadi ya jiografia, na jibu ni 54. Hizo ndizo nchi za Afrika zilizo wanachama wa Umoja wa Mataifa tangu Sudan Kusini ilipojiunga mwaka 2011. Umoja wa Afrika una wanachama 55, kwa kuwa unaihesabu pia Jamhuri ya Kiarabu ya Sahara. Mtu akijibu 55 atakuwa amekosea au amepatia? Maneno matatu tu, "wanachama wa UM", yangemaliza ugomvi huo.

Katika kuchagua mada, waandaaji wameitendea pwani yetu kana kwamba historia yake ni ya wageni waliotia nanga na kuondoka. Yupo Vasco da Gama, ipo Fort Jesus pamoja na Wareno walioijenga, na ni hayo tu. Simkuti Ibn Battuta aliyepita Mombasa mwaka 1331 na kuandika kwamba wenyeji walikula ndizi na samaki, na kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao zilizojengwa imara. Simwoni Mekatilili wa Menza aliyewahimiza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913, wala Muyaka bin Haji, ambaye mashairi yake ya zama za Wamazrui bado yananukuliwa mjini humu. Kasha linalouzwa Mombasa, kwa Kiswahili, lilipaswa kuwa na majina haya kabla ya majina ya wafalme wa Ulaya, ambao wamejaa humo.

Kinachonifanya nilipende kasha hili licha ya hayo yote ni fungu la kadi tupu lililowekwa chini kabisa, ambalo maelekezo yanalitaja kwa sentensi moja tu. Tuliamua kwamba yeyote anayetaka kuandika swali ni lazima aje na jibu lenye mwaka, chanzo chake, na maelezo ya kwa nini jambo hilo lilitokea, la sivyo kadi haiingii koponi. Muuguzi aliandika: "Fort Jesus ilitumiwa kwa kazi gani kuanzia mwaka 1895 hadi 1958?" Jibu ni jela, na waliolitaja jumba la makumbusho walikumbushwa kwamba makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960. Dereva wa tuktuk aliandika swali kuhusu ukanda wa maili 10 wa pwani, uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar mpaka makubaliano ya Oktoba 1963 yalipouingiza katika Kenya, miezi miwili kabla ya uhuru. Kwa maoni yangu swali hilo linazidi lolote lililochapishwa na kiwanda, kwa maana lilituweka hadi usiku wa manane tukizungumza habari za mikataba, bendera na hati za ardhi.

Nimelipa nyota nne kati ya tano. Walimu walinunue kwa ajili ya vilabu vya shule, mradi wawe na kitabu cha historia pembeni, na familia zenye vijana wa sekondari walinunue bila kusita. Kwa watoto wadogo, maswali ni magumu na maandishi ni madogo. Kadi tupu zitawaishia upesi. Zetu zimekwisha, na sasa tunakata karatasi za manila kwa kipimo kilekile, ambazo hupatikana kwa bei nafuu katika duka lolote la vifaa vya shule.