Darasa la soka la watoto pale Gungu: nimepeleka wawili, haya ndo niliyoyaona

Habari zenu wazazi wenzangu wa Kigoma na Ujiji. Naulizwa kila siku kuhusu hili darasa la mpira la Jumamosi, acha niandike mara moja. Wanangu wana mwezi wa saba pale, wa kiume ana miaka 11 dada yake 13, na nimeridhika sana, ingawa kuna mawili sijayapenda nitayasema.

Kwanza mwenyewe anayefundisha. Watoto hawamwiti kocha wanamwita Mwalimu, maana ndo kazi ya maisha yake. Alikuwa mwalimu wa chuo cha ualimu, chuo kidogo tu, akaenda kusomea michezo Malya kule Kwimba, akarudi akapewa timu ya chuo. Sasa fikiria, mwanachuo anakaa miaka 2 anaondoka zake kufundisha, yaani beki wako akishaiva ndo anamaliza, unaanza tena na mgeni ambaye hata kukaa kwenye namba yake hajui. Mwaka nenda mwaka rudi anapeleka timu UMISAVUTA, yale mashindano ya vyuo vya ualimu, wakishinda wakifungwa anarudi kuanza upya. Ndo maana hana haraka na mtoto. Wa kwangu alikuja na mpira wa chandimu, chenga nyingi kutuliza hajui, wiki 3 nzima kazi ikawa kupokea kwa kushoto na kugeuka, kupokea na kugeuka, mimi nikaona anapotezewa muda. Leo kabla mpira haujamfika ameshaangalia nyuma yake.

Baadaye chuo kikamtoa kwenye timu kikampa michezo yote aisimamie, mpira, netiboli, voliboli, riadha, na jezi na usafiri na chakula cha safari na bajeti ya kubana. Siku moja nikamwamkia nikamuuliza, Mwalimu hukuumia kuiacha timu? Akaniambia, "Niliumia mwanangu, ila kule ofisini ndo nikajua timu inafia stoo kabla haijafika uwanjani."

Na ukifika utaliona hilo. Ana daftari la kaunta, kila kitu kimeandikwa, mipira mingapi, koni ngapi, vizibao vingapi, na watoto wenyewe ndo wanahesabu mwisho wa mazoezi, kikipungua hata kimoja hakuna anayeondoka mpaka kipatikane. Siku ya kwanza nilimkuta amechuchumaa chini ya mwembe anajaza upepo, kila mpira analowesha kwanza sindano ya pampu ndo anaingiza, taratibu, anasema sindano kavu inachana valvu na mpira mpya ni hela. Wa chini ya miaka 13 wanachezea namba 4, sio ile namba 5 ya wakubwa. Ukilipa unapewa risiti, 15,000 kwa mwezi, mtoto wa pili 10,000.

Kingine kilichonigusa, wasichana wanapata uwanja sawa na wavulana. Binti yangu alikuwa ameshazoea kuambiwa subirini wenzenu wamalize, mpaka giza. Mwalimu anasema aligawa mipira michache kati ya timu za chuo kwa miaka, anajua nani huwa anaachwa wa mwisho.

Afu kuna siku mwanangu alipigwa na mpira kichwani kwa karibu akaona kizunguzungu. Dakika 5 akasema yuko fiti arudi, Mwalimu akakataa katakata, akamkalisha kivulini, akanipigia simu, akaandika saa na kilichotokea kwenye lile daftari, na Jumamosi iliyofuata hakumruhusu kugusa mpira mpaka nilipomhakikishia amekaa wiki nzima bila kichwa kumuuma. Mtoto alilia. Mimi nilishukuru sana.

Nasema hivi kwa sababu nimeshaumizwa. Tangu timu yetu ya Mashujaa ipande Ligi Kuu 2023, afu Aprili 2024 wakaitoa Simba kwa penati hapo hapo uwanja wa Lake Tanganyika, kila mtoto wa huku anataka mpira na vituo vimeota kama uyoga. Kimoja, sikitaji, kilichukua hela yangu ya majaribio ya Dar, mtoto akapanga begi, akaamka saa 10 usiku, basi halikuja na simu ikazimwa. Mpaka leo akiliona lile begi ananyamaza. Mwalimu yeye hajaniahidi Dar hata siku moja, anachotaka ni ripoti ya shule kila muhula, na alama zikishuka anakuita.

Sasa ambayo sijayapenda. Hakuna kocha wa makipa, na huu ndo mkoa uliomtoa Juma Kaseja jamani, makipa wanapigiwa mashuti tu basi, hawafundishwi kuanguka, kuna kijana ana mikono mizuri kweli namwonea huruma. Nimeshamwambia, anasema anatafuta mtu. La pili ni masika, uwanja unajaa maji na taarifa ya kuahirisha inakuja mmeshafika na bodaboda mmelipa.

Mazoezi saa 1 kamili asubuhi, na jua letu mnalijua linavyochelewa, kwa hiyo mtoto aje na sweta. Njumu sio lazima, raba zinatosha. Cheti cha kuzaliwa beba kopi, bila hiyo haandikishi.